Kanga za mkono na vijana wenye usonji: uchambuzi wa kisa kimoja cha pwani

Kisa hiki kinahusu vijana 11 wa mji mmoja wa pwani ya Tanzania waliokutana kwa wiki 12 kuchapa kanga kwa mihuri ya mkono. Majina, mtaa, mwaka na mfadhili vimeondolewa. Vijana watatu wanaotajwa mara kwa mara tumewapa herufi: M, S na R. Kimeandikwa kwa ajili ya walimu wa elimu maalumu, mafundi na vikundi vya mitaani vinavyofikiria kuanzisha kazi ya aina hii. Yaliyoharibika yameelezwa kwa urefu kuliko yaliyofaulu, kwa sababu ndiyo ambayo kikundi kingine kinaweza kuyakwepa.

Usuli

Vijana walikuwa na umri kati ya miaka 14 na 21, wavulana 7 na wasichana 4. Saba wana usonji (tofauti ya ubongo katika kuwasiliana na kupokea sauti, mwanga na mguso), wawili wana ADHD (shida ya kutulia na kushika jambo moja), wawili wana disleksia, yaani herufi huwasumbua ingawa akili zao hazina kasoro. Watatu kati ya wenye usonji hawasemi kwa mdomo au husema kwa nadra sana. Wengi walikuwa wamepita katika kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi, na baada ya hapo wakawa wa kukaa nyumbani.

Waendeshaji walikuwa mafundi wawili wa batiki, wanawake wa makamo wanaoujua ufundi wao vizuri, mwalimu mmoja wa elimu maalumu, na wanachuo watatu waliojitolea. Chumba kilikuwa cha kituo cha jamii: mita 6 kwa 9, paa la bati bila dari, pangaboi mbili, madirisha upande wa barabara.

Wazo la kwanza lilikuwa batiki. Mwalimu alilikataa mapema, na alifanya vyema. Batiki inataka nta ya moto jikoni, kostiki soda inayochoma ngozi, na dawa ya kuivishia rangi ambayo harufu yake inakaba koo. Kijana ambaye pua yake inanasa kila kitu, au anayeshika kitu kabla ya kuambiwa usishike, hawezi kujifunza chochote mahali pa namna hiyo. Kanga ya kuchapwa ilichaguliwa kwa sababu mbili. Rangi yake ni ya maji, na ukimwaga unafuta. Pia kila kijana anaijua kanga tangu akiwa mgongoni: ina pindo, ina mji (uwanja wa katikati), ina jina (maandishi yake). Anayependa kurudia kitu kilekile ana pindo la kujaza. Anayetaka kujaribujaribu ana mji. Mwenye neno lake ana jina.

Vifaa na namna ya kuchapa

Kitambaa kilikuwa marekani, mita 40, iliyokatwa vipande vya sentimita 110 kwa 150. Marekani mpya ina wanga wa kiwandani. Usipoifua kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kazi, rangi inakaa juu juu na fuo la tatu linaondoka nayo.

Mihuri ilitengenezwa kwa soli za kandambili kuukuu. Soli huoshwa, huchorwa umbo kwa kalamu, hukatwa kwa kisu chembamba chenye makali, kisha hubandikwa kwenye kibao cha plaiwudi cha sentimita 8 kwa 8 chenye kishikio mgongoni. Upande laini ndio unaochapa. Upande wenye mistari huacha mistari hiyo kwenye kitambaa, na baadhi ya vijana waliupenda kwa sababu hiyo hiyo. Soli ya kandambili inabonyea kidogo, kwa hiyo hata anayebonyeza kwa nguvu zisizo sawa anapata alama inayosomeka. Muhuri wa mbao tupu haumsamehe mtu.

Muhuri hauchovywi kwenye rangi. Sponji ya godoro yenye unene wa sentimita 2 huwekwa kwenye sinia, rangi hupakwa juu yake kwa brashi, muhuri hugusishwa hapo. Ukichovya, rangi inajaa pembeni na kila ua linageuka doa. Meza hutandikwa blanketi, juu yake nailoni, juu yake kitambaa kilichobanwa kwa vibanio vya nguo. Kiganja hubonyeza, unahesabu moja, mbili, tatu, unainua. Kazi ikikauka siku nzima hupigwa pasi kavu kwa upande wa nyuma, dakika 3 hadi 5 kila sehemu, ndipo rangi inashika.

Herufi za jina lazima zikatwe kinyume, na hapo hata watu wazima hukosea. Njia rahisi ni kuandika kwenye karatasi nyembamba, kuigeuza, na kufuatisha kinachoonekana upande wa pili. Hakuna anayelazimika kuwaza herufi iliyogeuka, na vijana wawili wenye disleksia walikata herufi safi kuliko wote.

Wiki mbili za mwanzo

Kikao kilipangwa Jumamosi, saa 3 hadi saa 5 asubuhi, vijana wote 11 pamoja. Kilianza kama semina nyingi zinavyoanza: muziki kwenye spika, duara, kila mmoja asimame ajitambulishe. Wazee walingoja shikamoo na mkono. Mafundi walibandika mihuri ndani ya chumba kwa gundi ya viatu.

Kikao cha kwanza, M, mwenye miaka 16, alikaa chini ya meza akiziba masikio kwa saa nzima. S, miaka 15, mwenye ADHD, alitoka mbio mara mbili na mara ya pili alifika barabarani. Kikao cha pili vijana watatu hawakuja, na mama mmoja alituma ujumbe kwamba mwanawe ametapika tangu usiku wa kuamkia siku hiyo.

Wanachuo walipendekeza zawadi kwa atakayetulia. Fundi mmoja aliona vijana wazoeshwe polepole, kelele ndizo za dunia. Mwalimu akasema kwamba kabla ya kumbadilisha kijana yeyote, watu wazima wakae ndani ya chumba kile bila vijana, saa zile zile, wasikilize.

Jumamosi ya kusikiliza

Wiki ya tatu kikao kiliahirishwa. Watu sita walikaa kwa saa mbili, kila mmoja na karatasi, wakiandika kila sauti, harufu na mwanga, na saa ilipotokea. Huu ndio uamuzi uliouokoa mradi, na haukugharimu ila karatasi.

Pangaboi moja ilikuwa inagonga, tk, tk, tk, bila kukoma. Mtu mzima huacha kuisikia baada ya dakika mbili, lakini kuna masikio yasiyoacha. Saa 4 kamili fundi wa kuchomelea jirani aliwasha mashine ya kukatia chuma. Jua la saa 3 na nusu lilipiga kwenye nailoni ya meza na kurudi usoni kwa aliyekaa upande wa ukutani, na hapo ndipo M alipokuwa amekalishwa. Harufu ya gundi ilikuwa bado kwenye mapazia, wiki nzima baada ya kutumika.

Mabadiliko yalikuwa haya. Vikao vilihamishiwa saa 2 hadi saa 3:45, kabla ya mashine. Pangaboi mbovu ilizimwa. Gundi ilitumika uani siku mbili kabla. Spika iliondolewa. Jirani wa kuchomelea aliombwa kwa heshima, naye akaahidi kupiga hodi akitaka kuanza mapema, akatimiza. Pembeni ya chumba uliwekwa mkeka nyuma ya pazia la kanga, mahali pa kwenda bila kuomba ruhusa na bila kuulizwa. Mlangoni ikawekwa benchi na mtu mmoja wa kudumu kwa ajili ya S, kwa sharti kwamba asimzuie kutoka, amfuate hadi mwembeni na kurudi naye.

Ratiba ilichorwa kwa kadi za picha nne: kuvaa aproni, kuchapa, chai, kunawa. Kadi ikimalizika kijana mwenyewe anaigeuza. Utambulisho wa duara ulifutwa. Suala la shikamoo lilileta mjadala mrefu kuliko yote, kwa sababu mafundi waliona adabu inapotea. Walikubaliana kwamba salamu ipokelewe kwa namna yoyote inayokuja, kwa mkono uliopungwa au kwa kutazama tu, na kwamba hakuna kijana atakayesimamishwa mlangoni hadi aseme.

Kikundi kiligawanywa, 6 Jumamosi na 5 Jumapili. Idadi ya vikao vilivyobaki ikawa mara mbili, zaidi ya bajeti. Fedha zilipatikana kwa kufuta fulana zenye nembo na bango, na chakula cha kuagiza kikawa chai na mihogo ya kuchemsha. Nauli za bajaji hazikuguswa. Zikiguswa, wa kwanza kukosekana ni yule anayetoka mbali.

M na utepe

Wiki ya nne M alishika muhuri wa duara dogo na kuchapa mahali pamoja, juu ya alama ile ile, hadi kitambaa kikalowa na kutoboka. Mwanachuo aliyekuwa naye akaanza kukivuta kitambaa kidogo kidogo chini ya mkono wake ili alama zipangike. M alipiga kelele na kwenda nyuma ya pazia. Kitambaa kilikuwa chake, na kilikuwa kinahama bila yeye kukihamisha.

Wiki iliyofuata fundi alikata utepe wa marekani wenye upana wa sentimita 15 na urefu wa mita 4, akaupitisha juu ya meza, ncha moja ikaning'inia ikiwa na jiwe. Alikaa naye, akachapa utepe wake mwenyewe pembeni: bonyeza, inua, vuta. Hakusema kitu. Dakika 40 M alichapa mahali pamoja. Kisha akavuta. Alivuta tena baada ya alama 6, halafu baada ya 4. Kufikia wiki ya saba alikuwa anavuta kila alama kwa mkono wa kushoto, na tepe zake zilikuwa 11.

Tepe hizo zilishonwa kuwa pindo za kanga za wenzake. Mafundi walifurahi kwa sababu wanajua asili yake: wanawake wa pwani katika karne ya 19 walinunua leso na kuziunganisha kwa sindano kuwa nguo moja. Lakini furaha hiyo ilificha swali ambalo halikuulizwa kwa wakati. M hakuwahi kuonyeshwa kwamba utepe wake utakatwa. Alipouona umekatwa vipande vinne aliukusanya na kuukalia. Tepe mbili alibaki nazo nzima, na hizo hakuna aliyezigusa tena.

Mkono wa msaidizi

S alichapa haraka na kwa upande. Samaki wake walipanda kuelekea kona, wengine nusu rangi, na katikati mwa mji kulikuwa na uwazi mkubwa. Mwanachuo mmoja, mwenye nia njema kabisa, alibaki baada ya kikao akajaza uwazi ule kwa samaki kumi na kitu, wamenyooka, ili kanga ipendeze.

Wiki iliyofuata S aliikunjua, akaitazama, akasema, "Hii si yangu." Akaambiwa ni yake, imesaidiwa tu. Hakurudi kwa wiki tatu.

Kanuni iliyotoka hapo ilikuwa fupi: hakuna mtu mzima anayegusa kitambaa cha kijana akiwa na rangi mkononi. Anaweza kushika meza, kuongeza rangi kwenye sponji, kubadilisha sinia. Kadi ya rangi ya kijani mezani ina maana kijana anataka msaada, na msaidizi anaonyesha kwenye kitambaa chake mwenyewe. Mwanachuo yule alikwenda nyumbani kwa S kuomba radhi, bila kumwambia arudi. S alirudi wiki ya tisa na kitambaa kipya. Uwazi ulikuwa pale pale. Alipoulizwa na fundi, "Mwanangu, hapa pakae nini?" alijibu kwamba hapo ni maji.

Jina la R

R, msichana wa miaka 17, hasemi kwa mdomo ila huandika kwenye simu. Siku ya kuchagua majina, wenzake walichukua yale yanayosikika kila siku kwenye kanga. R aliandika: USINIGUSE MGONGO.

Watu wazima walishtuka. Fundi alipendekeza neno la baraka, mwanachuo akapendekeza methali. R aliandika tena maneno yale yale. Mwalimu ndiye aliyekumbusha kazi ya jina la kanga: tangu zamani mwanamke hujifunga kanga ili iseme lile ambalo yeye hawezi au hataki kulitamka. Jina likabaki.

Ndipo mtu akauliza nani humgusa mgongo. Wanachuo wawili walikuwa wakimwongoza hivyo kila kikao, kiganja kati ya mabega, kutoka mlangoni hadi mezani. Hawakuwa wamegundua. R alikuwa amevumilia wiki nane.

Siku ya maonyesho

Mkataba wa mfadhili ulitaka sherehe ya kufunga. Waendeshaji walipanga vizuri kwenye karatasi: vijana waje siku moja kabla kuuona ukumbi, saa ya kwanza iwe ya utulivu kwa ajili yao na familia zao, chumba cha nyuma kiwe cha mapumziko, wageni 40.

Walikuja zaidi ya 100. Mgeni rasmi alichelewa saa moja na nusu, kwa hiyo saa ya utulivu ikaisha kabla hajafika na shughuli yote ikasukumwa kwenye joto la saa 6. Chumba cha mapumziko kiligeuzwa mahali pa kuandalia chakula cha wageni. Mshereheshaji, ambaye hakuna aliyekaa naye kabla, alipandisha spika na kumwita kila kijana mbele apokee cheti kwa makofi na vigelegele. M alijipiga kichwa ukutani. Wengine watatu waliondolewa wakilia. Picha ya mmoja wao katika hali hiyo ilionekana kwenye makundi ya simu jioni ile, na baba yake alikasirika kwa haki.

M hakurudi tena kituoni. Kazi ya miezi mitatu ilimpa meza aliyoipenda, na asubuhi moja ikamnyang'anya.

Matokeo

Kanga 19 zilikamilika. Vijana 8 kati ya 11 walifika mwisho, 2 waliacha katikati, na M aliacha siku ya sherehe. Wiki mbili baadaye mafundi walifanya maonyesho mengine bila mfadhili: siku tatu, mlango wazi, watu watano kwa wakati mmoja, hakuna hotuba, kijana aje akitaka. Walikuja sita, na wawili kati yao walikaa kutwa. Kanga 14 ziliuzwa. Ya R haikuuzwa, kwa sababu mama yake aliichukua na kuivaa.

Fedha, baada ya kutoa gharama ya kitambaa na rangi, zilitolewa kwa kila kijana mkononi, kwenye bahasha yenye jina lake. Pendekezo la kuzituma kwenye simu za wazazi lilikataliwa. Pia ilijadiliwa kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Waliamua kusubiri: kipato kilikuwa cha msimu mmoja tu, na deni lingeangukia familia ambazo tayari zimelemewa. Vijana 5 wanaendelea kuchapa na mafundi kila Jumatano.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kukagua chumba kabla ya kumkagua kijana. Lakini ukaguzi huo ulikuja wiki ya tatu, baada ya S kufika barabarani. Ungewezekana kabla ya kikao cha kwanza, na kwa yeyote anayeanza leo tunaushauri ufanyike mara mbili: siku kavu, na siku ya mvua, kwa sababu bati bila dari mvua ikinyesha ni jambo jingine kabisa. Katika kisa hiki mvua ilinyesha kikao cha wiki ya sita, na kikaishia dakika ya 20.

Kugawa kikundi kulifaa kuliko kuongeza wasaidizi. Chumba chenye watu wazima wengi kina sauti nyingi, na kila mmoja anatafuta cha kufanya. Mkono usio na kazi ndio uliojaza samaki wa S. Wasaidizi wawili waliofundishwa kukaa na kazi yao wenyewe wanatosha vijana watano.

Kosa la tepe za M na kosa la samaki wa S ni ndugu. Yote mawili yalitokana na kutazama kanga itakavyopendeza badala ya kutazama ni ya nani. La M ni gumu zaidi kulitatua, maana kushona pamoja ni sanaa nzuri na hakuna anayesema iachwe. Ila ilibidi aonyeshwe kwanza kwa utepe wa majaribio: huu hapa mzima, huu hapa umekatwa, huu hapa umeshonwa. Kisha achague upi ukatwe.

Sherehe haikuharibika kwa bahati mbaya. Iliharibika kwa sababu kila kinga ilitegemea watu ambao hawakuwepo kwenye vikao: mgeni rasmi, wapishi, mshereheshaji. Mambo matatu yangeandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, wakati bado kuna nafasi ya kujadiliana: hakuna kijana anayeitwa mbele, chumba cha mapumziko kina ufunguo na mtu wa kukaa nao, na picha za watu hazipigwi, zinapigwa za kanga tu. Mfadhili anayekataa hayo ajulikane mapema. Tunaamini wengi wangekubali wakielezwa, kwa sababu huyu alipoelezwa baadaye alikubali kwamba ripoti ya mzunguko unaofuata iwe na picha za vitambaa na maelezo ya mafundi.

Kuhusu M, mwalimu humtembelea nyumbani mara moja kwa mwezi akiwa na utepe mtupu, sinia, sponji na muhuri wa duara. Mara mbili za mwanzo M hakutoka chumbani. Mara ya tatu alitoka, akachukua muhuri, akarudi nao ndani.